Pengo la Vidole Viwili

Ijumaa, 4 Aprili

Asubuhi manyunyu, tangu adhana ya alfajiri. Upepo hakuna. Bati la kiwanda limelia hadi saa mbili, kisha likanyamaza.

Haidar, mume wangu, amerudi Lugoba leo. Alikuja kwa ajili ya Idi, akakaa siku tano. Alipokuwa akifunga begi nilimwona akitoa nyundo yake chini ya kitanda, akaizungushia kitambaa cha kijani na kuilaza chini kabisa, chini ya nguo. Kila akija huja nayo, kila akiondoka huondoka nayo, ingawa hapa hana cha kugonga. Nilipata kumwuliza kwa nini haiachi. Alisema mpini umekwisha kushika umbo la kiganja chake, na mtu hasafiri akaacha mkono nyumbani.

Naandika mambo yalivyo ili baadaye nisijidanganye. Novemba radi ilipiga, ikaunguza feni ya umeme iliyokuwa ikipuliza moto wa kiwanda chetu cha uhunzi, na nyaya zote mpaka kwenye mita, na fedha ya kuzirudisha hatuna. Haidar akaenda Lugoba, kwenye machimbo ya kokoto, kunoa patasi na mitaimbo ya wavunja mawe. Miezi mitatu, alisema. Huu ni wa tano. Sasa msimamizi wa machimbo anampa kazi ya kudumu na nyumba ya vyumba viwili, na anataka jibu ifikapo mwisho wa Juni.

"Tuhamie wote," Haidar alisema jana, tukinywa chai.

"Na Mama?"

Mama alikuwa kwenye mkeka wake, macho yake yasiyoona tena yameelekea mlangoni. "Mimi hapa nahama kwa kubebwa na watu wanne," alisema. "Nyinyi nendeni. Mniachie redio."

Haidar akacheka, kisha akaacha kucheka. "Basi niambie wewe, Mwana. Nirudi nikae mbele ya jiko baridi? Lau mivukuto ya mzee ingekuwapo, ningerudi kesho. Ile haikuuliza umeme. Moto ukiwaka pale, mimi Lugoba nina nini?"

Nikainuka kwenda kutazama chungu. Hapakuwa na chungu jikoni.

Saa ya kulala huiandika asubuhi inayofuata, kwa wino mwingine. Nimelala saa saba.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Nimefua mashuka. Foronya yake sikuifua. Nimelala saa sita u nusu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa asubuhi, jua la kuungua mchana, mvua tena.

Nimelizunguka jambo hili muda mrefu, leo naliandika.

Mivukuto ya baba yangu, Mzee Mwinshehe, ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kila kimoja na mbao zake mbili za mdomoni na mrija wake wa mti. Mvukutaji hukaa katikati, huku kiriba, huku kiriba. Mkono wa kulia ukifungua na kuinua, wa kushoto unafunga na kukandamiza, na pumzi haikatiki. Nilikaa pale tangu nina miaka minane. Nilipovunja ungo nikatolewa, maana mwari haketi mbele ya wateja, na baba akamleta mvulana wa miaka kumi na sita kutoka Mapinga akae mahali pangu. Ndiye Haidar. Nilimjua kwa mlio kabla sijamjua kwa sura. Nikiwa ndani, nyuma ya ukuta, nilisikia mkono wake wa kushoto unavyochelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Miaka minne nilisikiliza mkono ule. Baadaye baba akampa nyundo, na baadaye akanipa mimi.

Feni ilipokuja, mivukuto ikawekwa ghalani. Mwaka juzi baba alifariki. Siku ya arobaini yake, kwenye hitima, mvua ilinyesha kama ya leo na kuni zikaloa zote. Sufuria tatu za pilau, watu wanakuja, wanawake wananitazama mimi mwenye nyumba. Nikaingia ghalani. Viriba vilikuwa vimekauka na kupasuka, nikavitupa. Mbao nne za mvule na mirija miwili, vitu vilivyoshikwa na baba miaka arobaini, nikavipeleka jikoni kwa mikono yangu. Vikawaka vizuri sana. Mpaka leo watu wanaisifu pilau ile.

Novemba, baada ya radi, Haidar alitafuta mivukuto siku mbili. Aliinua kila gunia. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mbao ziliharibiwa na mchwa, nikazitupa." Alikaa kwenye kizingiti. Wiki ile ndiyo aliyoondoka.

Nimelala saa nane.

Jumamosi, 12 Aprili

Mawingu, hakuna mvua hadi adhuhuri.

Nimeamua. Nitaitengeneza upya, na moto uwake kabla ya mwisho wa Juni. Haidar hakuwahi kutengeneza mivukuto, aliikuta. Lakini mimi ninacho kitu. Kidato cha pili tulipewa kazi ya fizikia, tuchore kifaa cha nyumbani kinachosukuma hewa, nami nilipima mivukuto ya baba kwa rula. Nimelikuta daftari ndani ya sanduku la Mama, chini ya kanga. Urefu wa mbao, sentimita thelathini na nane. Mrija, hamsini. Mchoro safi kabisa, na tiki nyekundu ya mwalimu. Nimeutazama kama mtu aliyekuta barua.

Fundi seremala wa shuleni, huko ninakohudumu maabara, amekubali kunikatia mbao. Iliyobaki ni ngozi.

Nimelala saa sita.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua tangu usiku. Njia ya sokoni ni tope tupu.

Ngozi ya kiriba haipasuliwi tumboni kama buchani. Inaanzwa miguu ya nyuma, inavuliwa nzima mpaka shingoni, iwe mfuko. Nimekwenda kwa Mahmoud, mchinjaji wetu.

"Nataka ngozi mbili za mbuzi, zima, zisiguswe tumboni."

"Yaani nimvue mbuzi kama anayevuliwa fulana?"

"Hivyo hivyo."

"Dada Mwanaharusi, mbuzi wangu hawavai vya kuvua."

Wanaume wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri maini. Mmoja akasema, "Mpe tu. Mumewe yuko Lugoba, anataka cha kukumbatia."

Nikamwambia ngozi ya mbuzi walau haikoromi, na kwamba mkewe amenieleza. Benchi lote likacheka, naye akacheka kwa kuchelewa.

Mahmoud alijaribu. Ya kwanza aliitoboa mara mbili kwapani. Ya pili ilitoka vizuri mpaka shingoni, kisu kikateleza. "Mkono umezoea kupasua," alisema, na nikaona amekasirika kwelikweli, si kwangu, kwa kisu. Nimezichukua hivyo hivyo. Nimezitia chumvi na majivu, nimezitundika chini ya upenu.

Nimelala saa saba.

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya nane jua halijatoka.

Ngozi zimeoza. Nikivuta manyoya yanakuja na ngozi yake. Mama alisema kutoka ndani, "Mwanangu, aliyekufa ni mbuzi au ni sisi?" Nimezifukia nyuma ya choo, mvua ikininyeshea.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Haidar amepiga simu. Sauti ya mashine ya kusaga kokoto nyuma yake, grrr, grrr. Amesema atakuja Ijumaa. Nimelala saa nne! Tangu Novemba sijapata kulala saa nne.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi kweupe, mchana mvua ya mawe madogo.

Ijumaa nilipika wali wa nazi na kuku. Nilimwogesha Mama mapema, nikafagia mpaka kiwandani. Saa kumi na moja alipiga. "Maji ya Ruvu yamepanda, Mwana. Magari yamerudishwa."

"Pole," nikasema. "Maji ni maji."

Leo Zuhura, jirani wa ukuta mmoja, amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Ametazama sufuria ya kuku aliyebaki.

"Hakuja?"

"Barabara imekatika."

"Ijumaa hii? Shoga, kaka yangu kapita na lori la mkaa Ijumaa hiyohiyo, kutoka Fukayosi mpaka hapa. Kasema lami kavu." Kisha akaongeza, "Wanaume wa Lugoba, mimi sisemi kitu. Lugoba ni stendi. Kuna mama lishe."

"Umesema tayari, Zuhura."

"Basi nimesema."

Nilipobaki peke yangu nilifungua daftari la fizikia nikahesabu upya vipimo ambavyo nilikwisha kuvihesabu. Mimi nilimdanganya kuhusu mchwa. Sina haki ya kuuliza kuhusu maji. Lakini nimeuliza ukuta siku nzima. Mtu akiacha kuja, huwa ameacha siku hiyo, au alikwisha kuacha zamani na siku hiyo ndipo mimi nimejua?

Nimelala saa tisa.

Jumapili, 18 Mei

Manyunyu. Kusi limeanza kuvuma asubuhi, limepoa.

Mrija wa mti hauingii motoni, utaungua. Mbele yake hukaa kewa, bomba la udongo linalopokea hewa na kuipeleka kwenye makaa. Nilitaka kumwomba mfinyanzi wa Fukayosi. Mama akasema, "Kewa za baba yako alifinyanga nani, unadhani?"

Sikujua. Miaka yote ile sikujua.

Nilimletea udongo, wishwa na majivu. Alikaa na beseni katikati ya miguu, akakanda mpaka jasho likamtoka. Alikunja udongo juu ya mwiko wa ugali ulioviringishwa gazeti, akapapasa unene wake kwa kidole gumba. "Huku mnene, huku mwembamba. Mdomo uwe mpana wa kumeza." Alifinyanga tatu, kwa sababu moja itapasuka ikikauka na moja itapasuka ikichomwa. "Nilikuwa namfinyangia kila mfungo sita," alisema. "Alikuwa akija kuzichukua hasemi ahsante. Anaigonga kwa kucha, ti, ti, akisikia imeiva ananitazama hivi." Akageuza uso kunionyesha alivyotazamwa, na uso wake ukawa wa msichana.

Nimelala saa tano.

Jumamosi, 24 Mei

Jua! Mbao ziko tayari. Kewa moja imepasuka ikikauka, kama alivyosema.

Jumapili, 1 Juni

Jua, upepo wa kusi. Shule imefungwa. Haidar hajapiga siku sita. Nimelala saa nane.

Jumamosi, 7 Juni, Idi el-Hajj

Asubuhi baridi, anga safi kama sahani iliyooshwa.

Haidar hakuja. Machimbo yametoa likizo ya siku moja tu, alisema. Safari hii sikuuliza hata ukuta.

Baada ya swala Mahmoud alikuja kutuchinjia mbuzi wetu. Siku nyingine zote ngozi ni haki yake, ndiyo ujira wake. Lakini mnyama wa Idi hauzwi ngozi, wala mchinjaji halipwi kwayo. Ni ya mwenye mnyama, aitumie au aitoe sadaka. Kwa hiyo Mahmoud siku ya Idi huchinja kwa radhi tu, na ngozi za mtaa mzima hutupwa au hupelekwa madrasa.

Alimtundika mbuzi kwenye boriti ya kiwanda, akaweka kisu chini. "Leo sitaki kisu," alisema. "Nimefikiri tangu Aprili." Alipasua miguuni tu, kisha akaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma taratibu, akivuta kwa mkono wa pili. Ngozi ikashuka nzima, ikageuka ndani nje, mpaka shingoni. Haikuwa na tundu hata moja. Mahmoud akaipuliza kwa mdomo, ikavimba kama mbuzi aliyerudi.

"Fulana hiyo," akasema.

Lakini ilikuwa moja, nami nahitaji mbili. Nilikuwa nimeanza kufikiri namna ya kuomba, Zuhura akaita juu ya ukuta, "Mahmoud! Ukimaliza huko njoo umvue na wa kwangu vilevile. Ngozi mpe huyu." Kisha kwangu, bila kunitazama, "Ni sadaka. Usinishukuru. Na yale ya mama lishe, nilikuwa naongea tu."

Nimelala saa tano.

Jumatatu, 9 Juni

Jua. Kukwangua mafuta. Chumvi. Majivu.

Jumanne, 10 Juni

Jua. Kukwangua.

Alhamisi, 12 Juni

Jua. Mafuta ya nazi na samli, kufikicha kwa magoti na viganja mpaka ngozi ilainike. Mikono yangu inanuka mbuzi hata nikila. Mama amenisaidia kufikicha, akihadithia baba alivyokuja kumposa na panga jipya badala ya kanga.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi kavu, kusi la wastani. Naandika haya kesho yake.

Kila kitu kilikuwa kama daftari linavyosema. Viriba viwili, mbao nne, mirija miwili inakutana kwenye kewa ya Mama. Pale mirija inapoingia kwenye mdomo wa kewa palikuwa na nafasi, na nikiweka kiganja nilisikia hewa ikitoroka pembeni. Kwenye mchoro wangu hapana nafasi. Mistari imekutana vizuri. Nami wa maabara, nimezoea kuziba kila kiungo kinachovuja. Nikakanda udongo nikapaziba pote, nikalainisha kwa kidole kilicholowa.

Nilitia makaa, nikawasha kwa mafuta ya taa, nikakaa mahali pangu. Miaka ishirini na nne. Mikono haikuniuliza kitu. Fungua, inua, funga, kandamiza. Kulia, kushoto. Makaa yakawa mekundu, yakawa ya chungwa, yakaanza kunguruma. Mama alikuwa mlangoni ameshika mwimo. Alikuwa analia.

"Huyo ni yeye," alisema. "Huyo ni baba yako anafanya kazi."

Nikainua kiriba cha kushoto kwa nguvu zaidi. Nikasikia sauti ngeni, kama mtu anayevuta chai ya moto. Kiriba kikajaa, lakini hakikujaa hewa ya nje. Kilikuwa kimevuta kutoka motoni. Moshi ulitoka kwenye mbao za mdomo, kisha cheche, na nilipokandamiza kwa hofu, moto ukatoka shingoni mwa kiriba. Nilimwagia ndoo ya maji. Nilimwaga ya pili juu ya makaa, sijui kwa nini. Kiwanda kikajaa mvuke, na kewa ikapasuka, tak, kama kikombe.

Nilikaa chini kwenye maji meusi. Shingo ya kiriba cha kushoto imeungua kiasi cha kiganja. Siku kumi na tano zimebaki, na Idi nyingine ni mwakani.

Wakati huo simu ikaita. Haidar. Sijui ni kwa sababu ya maji, au moshi, au Mama aliyekuwa anauliza "Nini? Nini?" mlangoni. Sikumsalimu.

"Mbao za baba hazikuliwa na mchwa," nikasema. "Nilizichoma mimi. Nilipikia pilau ya arobaini. Ulipozitafuta nilikuona unainua magunia na nikakudanganya. Nimejaribu kutengeneza mivukuto mingine tangu Aprili ili urudi, na leo imewaka moto. Basi."

Mashine ya kokoto ilikuwa imezimwa, Jumapili. Nilisikia anavyopumua.

"Mwana," alisema.

"Naam."

"Nimekusikia." Na simu ikakatika.

Nimelala saa kumi, au sikulala.

Jumanne, 17 Juni

Jua. Hajapiga.

Jumatano, 18 Juni

Jua. Nimelifunga daftari la fizikia na kulirudisha sandukuni. Mama hajauliza. Ameomba udongo, nimempa.

Alhamisi, 19 Juni

Mawingu asubuhi, yamefunguka saa nne.

Amepiga saa moja asubuhi. Hakuuliza hali.

"Pale mirija inapoingia kwenye kewa. Uliziba?"

"Niliziba. Hewa ilikuwa inavuja."

"Haivuji. Ndipo kiriba kinapovutia. Ukiinua, lazima kivute kutoka mahali. Ukiwa umeziba, kitavuta moto. Mzee aliacha vidole viwili kati ya mrija na kewa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha alipitisha vidole pale. Mimi siku ya kwanza nilipaziba, kama wewe, nikapigwa koleo la mgongo."

"Mimi nilikaa pale miaka minne, sikujua."

"Wewe ulikuwa mtoto wake. Alipima kabla hujaamka." Nikasikia anatafuta neno. "Shingo imeungua kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kata. Kifunge chini yake. Kitakuwa kifupi, lakini ni kiriba."

Kuhusu mbao hakusema. Kuhusu Juni hakusema. Nilibaki na simu mkononi. Mchoro wangu ulikuwa na tiki nyekundu, na pengo hili halikuwamo.

Nimelala saa tano u nusu.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi kavu, kusi jepesi, mawingu membamba upande wa bahari.

Kewa mpya ya Mama. Shingo imekatwa na kufungwa kwa ukambaa. Nimeacha pengo, nikapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati. Saa tano kasoro nimewasha.

Nilivukuta robo saa kwa kuogopa. Moto haukurudi. Kila nikiinua, hewa iliingia pale penye pengo kwa mluzi mdogo, na kila nikikandamiza iliruka pengo ikaingia kwenye kewa. Makaa yakanguruma. Nikamwambia Mama apige simu ya Haidar, namba ni kitufe cha kwanza, aielekeze kwenye moto. Aliishika kwa ncha za vidole kama kikombe cha chai ya moto.

Haidar aliitikia. Nilivukuta. Alisikiliza muda mrefu mpaka nikadhani imekatika.

"Wa kushoto unavuja," sauti yake ikasema kwenye spika.

"Wapi?"

"Shingoni. Unaisha kabla ya mwenzake. Nani anavukuta?"

"Mimi."

"Nani anafua?"

"Hakuna."

Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Usiuache ukazimika," akasema, na safari hii kweli ikakatika.

Sikuuacha. Mama alitia makaa kwa kupima joto kwa uso wake. Adhuhuri Zuhura alichungulia. "Shoga, unamwita mumeo kwa moshi?"

"Kaa hapa nikaswali."

"Mimi? Na kucha hizi?" Lakini alikaa, akavukuta vibaya mno, kama anayefukuza kuku wawili, na niliporudi alikuwa mweusi mpaka puani, na moto ulikuwa hai. Saa nane mabega yakawaka. Saa tisa sikuyahisi tena.

Saa tisa u nusu nikasikia begi likigonga mwimo wa mlango wa uani, ko, chuma juu ya mti.

"Hodi, mchwa."

Sikuweza kusimamisha mikono. Alimsalimu Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba na kumwambia anuke vizuri kidogo akija kwa watu. Kisha alikuja akachuchumaa kando yangu. Hakunitazama. Alinyoosha mkono, akapitisha vidole viwili kwenye pengo, akaviacha pale, hewa yangu ikipita juu yake.

"Ijumaa ile ya Mei," alisema, "barabara ilikuwa kavu. Nilifika Fukayosi. Nikateremka, nikapanda gari la kurudi. Sikuweza kuja kuliona jiko hili tena."

"Najua," nikasema. "Lori la mkaa lilipita."

"Basi wote wawili."

"Wote wawili."

Alitoa nyundo kwenye kitambaa. Akachukua kipande cha springi ya gari, akakizika motoni, akasubiri, akakiweka kwenye fuawe. Mlio wa kwanza ulimfanya Mama aketi chini. Nilivukuta, akafua. Alitengeneza pete, pana kama kidole, akaipoza, akaivisha shingo ya kiriba cha kushoto na kuibana. Kiriba kikaacha kuvuja. Hakufua kitu kingine.

Nimelala saa tatu.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi ukungu mwembamba, kisha jua.

Ameondoka na gari la saa kumi na mbili kurudi Lugoba. Wiki hii ndiyo ya jibu. Sikumwuliza, hakuniambia. Alikunywa chai amesimama, akanishika kiganja, akatazama malengelenge, akakirudisha polepole kama kitu cha mtu. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya msikiti.

Niliporudi Mama alikuwa ameketi kitandani.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Begi halikugonga mlango."

Sikumwelewa. Akarudia, "Begi. Kila akipita na begi lake linagonga mwimo, ko. Leo limepita kimya."

Nilikwenda kiwandani. Makaa yalikuwa majivu, bado ya vuguvugu. Juu ya fuawe kulikuwa na kitambaa cha kijani kimekunjwa mara nne, na juu ya kitambaa, nyundo.

Sikuigusa. Nilipitisha vidole viwili kwenye pengo, nikafunga mlango. Mchana nilifua mashuka, na foronya pia.

Nimelala saa mbili na robo.